Parry-Thomas: injeniere aliyenunua gari la marehemu kwa pauni 125 na kushinda dunia kwa mbio

Kijana tajiri Louis Zborowski alipokufa tarehe 19 mwezi wa kumi 1924 katika mashindano ya magari huko Monza, Italia, aliacha nyumba kubwa, mali nyingi, na gari moja la ajabu. Gari hilo liliitwa Higham Special. Lilikuwa na moteri ya ndege ya lita 27, halikufaa kwa safari za kawaida, na kazi ya kulitengeneza ilikuwa haijakamilika vizuri. Aliyelichukua ni injeniere wa Wales aitwaye John Godfrey Parry-Thomas. Alilipa pauni 125.

Kwa gari hilo alikuja kuwa mtu mwenye mbio kuliko wote duniani juu ya nchi kavu. Na ndani ya gari hilohilo alikufa, mbele ya bahari, akiwa na miaka 42.

Parry-Thomas alizaliwa tarehe 6 mwezi wa nne 1884 mjini Wrexham, kaskazini mwa Wales. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa la Kianglikana. Mtoto alipokuwa mdogo familia ilihamia Oswestry, upande wa pili wa mpaka na Uingereza, na hapo ndipo aliposomea. Kisha alikwenda London kusoma ufundi wa umeme. Kazi yake ya kwanza iliyomtambulisha haikuwa ya mbio hata kidogo: alivumbua njia ya kupeleka nguvu ya moteri kwenye magurudumu kwa kutumia umeme, na njia hiyo ikajaribiwa kwenye mabasi na magari ya reli.

Wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia aliingia katika kampuni ya Leyland, iliyojulikana kwa malori, na akawa injeniere mkuu. Vita ilipokwisha, wakubwa wa kampuni walitaka jambo kubwa. Walitaka gari la kifahari la kushindana na Rolls-Royce. Parry-Thomas, akisaidiwa na kijana Reid Railton, alichora Leyland Eight, gari lenye silinda nane katika mstari mmoja na moteri ya lita 7. Lilionyeshwa London mwaka wa 1920 na watu wakalishangilia.

Lakini kushangilia si kununua. Bei yake ilikuwa kati ya bei kubwa kabisa za soko la Uingereza wakati huo, na uchumi wa baada ya vita ulikuwa umeanza kuyumba. Magari yaliyotengenezwa hayakufika 20. Kwa kampuni ilikuwa hasara, na kwa injeniere ilikuwa aibu ya kuona kazi yake bora ikikosa wanunuzi. Leyland ilirudi kwenye malori yake. Parry-Thomas hakutaka kurudi huko. Aliacha cheo na mshahara, akachukua gari lake la Leyland, akaingia katika mbio.

Hapo inafaa kumtazama kidogo mtu mwenyewe, kwani uamuzi huo haukuwa wa kijana mwenye damu moto. Alikuwa anakaribia miaka 40. Alikuwa mnene kiasi, mwenye haya, hakuoa. Alihamia katika nyumba ndogo ndani ya uwanja wa Brooklands, kusini-magharibi mwa London, na akaishi hapo na mbwa wake na garaji. Madereva wengi wa Brooklands walikuwa watoto wa matajiri au maofisa wa jeshi waliolipa mafundi kuwatengenezea magari. Yeye aliyachora, akayafungua, akayafunga, kisha akayaendesha, akiwa amevaa fulana yake ya sufu yenye mapambo ya rangi. Watu wa Brooklands waliijua fulana hiyo kama walivyomjua yeye.

Gari la Leyland, ambalo matajiri hawakulinunua, mikononi mwake lilianza kushinda. Alilipunguza uzito, akabadilisha umbo, akaongeza nguvu. Mwaka wa 1924 alizunguka uwanja wa Brooklands kwa mwendo mkubwa sana. Mwaka uliofuata, mwezi wa saba, alishindana na Ernest Eldridge, ambaye naye aliendesha gari kuukuu: Fiat ya mwaka wa 1908 iliyovunjika moteri, ambayo Eldridge aliifufua kwa kuitia moteri ya ndege. Ilikuwa mizunguko mitatu tu, magari mawili, pine zikichanika vipande kwa ajili ya mwendo. Parry-Thomas alianza nyuma, akamaliza mbele.

Miaka ile ilikuwa ya namna hiyo. Vita ilikuwa imeacha mamia ya moteri za ndege ambazo hazikuwa na kazi tena, na magari makubwa ya kabla ya vita yaliuzwa kwa bei ya chini kwa sababu yalikunywa petroli nyingi na mtindo wake ulikuwa umepitwa. Mwenye akili ya ufundi na pesa kidogo aliweza kuunganisha vitu hivyo viwili. Zborowski, aliyekuwa na pesa nyingi, alifanya hivyo kwa kujifurahisha. Magari yake ya kwanza ya aina hiyo yaliitwa Chitty Bang Bang. Higham Special ndilo lililokuwa kubwa kuliko yote: moteri ya Liberty yenye silinda 12, iliyochorwa Marekani mwaka wa 1917 kwa ajili ya ndege za vita, yenye nguvu za farasi zipatazo 450, sehemu ya kubadilishia vitesi ilitoka kwenye Benz ya mbio ya kabla ya vita, na nguvu ilifika kwenye magurudumu ya nyuma kwa minyororo miwili, mmoja kila upande, kama baiskeli. Hakuna gari lenye moteri kubwa zaidi lililopata kushindana Brooklands.

Kwa hesabu ya kawaida, pauni 125 kwa mashine kama hiyo ilikuwa bei ya kutupa. Lakini kila aliyepata kununua gari kuukuu lenye nguvu anajua kwamba bei ya kwanza ndiyo ndogo. Parry-Thomas alilijua hilo kuliko wengi. Hakununua gari ili aliendeshe jinsi lilivyo. Alinunua moteri, fremu na magurudumu ambayo asingeweza kamwe kuyatengeneza mapya kwa pesa yake. Wapinzani wake walikuwa na viwanda nyuma yao, au mali ya familia. Yeye alikuwa na zawadi za mashindano, kampuni ndogo ya uvumbuzi, na mikono yake.

Alilipa gari jina jipya, Babs. Alitia pistoni alizozichora mwenyewe, akaweka kabureta nne, akatengeneza mwili mpya mrefu na laini ili upepo upite bila kizuizi. Minyororo ile aliiacha, ila aliifunika. Kuiondoa kungekuwa na maana ya kujenga gari lingine kabisa.

Uwanja wa Brooklands haukutosha kwa mwendo aliotaka. Alilipeleka Babs Pendine, kusini mwa Wales, ambako bahari ikipungua huacha mchanga mgumu wenye urefu wa kilometa kama 11. Mara ya kwanza, mwishoni mwa 1925, hali haikumruhusu na alirudi mikono mitupu. Alifanya kazi tena wakati wa baridi yote.

Wakati huo rekodi ya dunia ilikuwa mikononi mwa Henry Segrave, aliyefikia kilometa 245 kwa saa mwezi wa tatu 1926, akiwa na gari la Sunbeam lenye moteri ya lita 4 tu. Parry-Thomas alirudi Pendine mwezi wa nne. Tarehe 27 alipita kilometa 272 kwa saa. Rekodi ya Segrave haikuvunjwa kidogo, iliachwa mbali. Kesho yake Parry-Thomas alitoka tena kwenye mchanga na kufikia kilometa 275.

Kwa sheria za rekodi, dereva anapita mara mbili, kwenda na kurudi, na wastani ndio unaohesabiwa. Maana yake ni kwamba gari la pauni 125, lenye moteri iliyochorwa miaka tisa kabla yake, lilivumilia mwendo huo kwenye mchanga wenye maji mara kwa mara, siku mbili mfululizo. Katika magazeti ya Uingereza, mtoto wa mchungaji wa Wrexham akawa shujaa. Yeye alirudi Brooklands na kuendelea na magari mengine, madogo na ya chini sana, aliyokuwa akiyajenga kwa mbio za mizunguko.

Lakini mwaka ule wa 1926 ndio ulikuwa mwisho wa zama za magari ya kuunganishwa-unganishwa. Malcolm Campbell, jirani yake wa Brooklands na mpinzani wake, alikuwa akijenga gari jipya, Blue Bird, lililochorwa tangu mwanzo kwa kazi moja tu ya rekodi, likiwa na moteri ya ndege ya Napier. Sunbeam nayo ilikuwa ikimtayarishia Segrave gari lenye moteri mbili za ndege. Tarehe 4 mwezi wa pili 1927, kwenye mchanga uleule wa Pendine, Campbell alifikia kilometa 281 kwa saa. Tofauti na rekodi ya Babs ilikuwa kilometa sita tu.

Kilometa sita! Kwa mtu aliyekuwa na akiba ndani ya moteri yake, ilionekana ni jambo la kurekebisha hiki na kile. Na muda ulikuwa mfupi, kwani Segrave alikuwa anaelekea Marekani na gari lake jipya. Akifika mbele, Babs lisingeweza kumfuata tena. Parry-Thomas hakusubiri. Alikuwa ndiyo kwanza anatoka kwenye mafua makali alipofika Pendine.

Tarehe 3 mwezi wa tatu 1927 alitoka kwenye mchanga. Baada ya kupita mara kadhaa, Babs likiwa katika mwendo mkubwa, liliyumba, likapinduka, likateleza, kisha likasimama kwa magurudumu likiwaka moto. Parry-Thomas alikuwa amekwisha kufa, kichwa chake kikiwa kimeumia vibaya sana. Alikuwa dereva wa kwanza kufa akitafuta rekodi ya dunia ya mwendo wa nchi kavu.

Lawama iliangukia mnyororo. Watu waliamini kwamba mnyororo wa upande wa kulia ulikatika, ukaruka na kumpiga. Maelezo hayo yalikubalika upesi, kwani kila mtu aliuona mnyororo kuwa ni kitu cha zamani, na gari lenyewe lilikuwa la zamani. Wachache walikumbuka kwamba hata Sunbeam mpya ya Segrave, iliyofikia kilometa 327 kwa saa huko Daytona siku 26 baadaye, nayo ilitumia minyororo.

Parry-Thomas alizikwa Byfleet, karibu na Brooklands. Gari lake nalo lilizikwa. Marafiki zake walichimba shimo katika vilima vya mchanga vya Pendine, wakaliingiza humo, wakafukia. Kwa miaka 42, sawa na umri wa mwenyewe, Babs lilikaa chini ya ardhi. Juu yake jeshi liliweka uwanja wa kujaribia silaha.

Mwaka wa 1969 mwalimu wa ufundi kutoka Bangor, Owen Wyn Owen, alipata ruhusa ya jeshi na ya jamaa wa marehemu, akalichimbua. Si wote waliofurahi. Kwa wengine lile lilikuwa kaburi. Chuma kilikuwa kimeliwa na chumvi na karatasi za mwili zilikuwa zimekwisha kuoza. Owen alilipeleka nyumbani na kufanya kile ambacho Parry-Thomas alifanya mwaka wa 1925: kufungua, kusafisha, kutafuta vipande hapa na pale, kutengeneza kwa mkono kile kisichopatikana. Kazi ilichukua miaka mingi, na mwishoni moteri ya Liberty iliwaka tena.

Uchunguzi wa mabaki ulileta pia jibu lingine juu ya ajali. Gurudumu la nyuma la upande wa kulia lilionyesha dalili za kuvunjika, na leo wengi wanaolijua gari hilo wanaona kwamba gurudumu ndilo lililotangulia, na mnyororo ukakatika kwa sababu hiyo. Vifuniko alivyovitengeneza Parry-Thomas juu ya minyororo huenda havikuwa na kosa.

Babs limewekwa katika jumba la makumbusho la Pendine, hatua chache kutoka kwenye mchanga ule, na kuna siku hutolewa nje na kuwashwa moteri ili watu wasikie sauti yake.