Grace Hopper
Grace Brewster Murray Hopper (New York, 9 Desemba 1906 – Arlington, Virginia, 1 Januari 1992) alikuwa mwanahisabati, mtaalamu wa kompyuta na afisa wa jeshi la wanamaji la Marekani. Anajulikana hasa kwa kuifanya kompyuta yenyewe isaidie kuandaa programu.

Maisha

Alisoma hisabati katika chuo cha Vassar, akapata shahada ya uzamivu Yale mwaka 1934. Alikuwa mwalimu Vassar wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia alipoomba kujiunga na jeshi. Mwanzoni alikataliwa kwa sababu ya umri na uzito wake mdogo, ila alikubaliwa mwishoni mwa 1943. Mwaka uliofuata alipelekwa Chuo Kikuu cha Harvard kufanya kazi na Mark I, mashine yenye urefu wa takriban mita 15 iliyosoma maagizo kutoka tepi ya karatasi yenye matundu.

Kutoka daftari hadi kompaila

Katika Harvard, Hopper na wenzake waliweka vipande vya programu vilivyokwisha kujaribiwa katika madaftari. Aliyehitaji kukokotoa sini, kwa mfano, alinakili kipande cha mwenzake badala ya kuanza upya. Ilikuwa njia nzuri, lakini makosa yaliingia wakati wa kunakili: herufi B ilisomwa kama 13, na anwani za kumbukumbu, ambazo zilipaswa kurekebishwa kwa mkono, zilijumlishwa vibaya. Kosa moja lilitosha kuharibu hesabu nzima.

Mwaka 1949 alihamia kampuni ya Eckert-Mauchly iliyokuwa ikitengeneza UNIVAC I. Huko aliamua kwamba kunakili na kujumlisha ni kazi ya mashine. Programu yake A-0, ya mwaka 1952, ilipokea orodha ya namba za vipande, ikavitafuta kwenye tepi, ikavipanga na kurekebisha anwani zake. Aliiita kompaila (kikusanyaji), ingawa kwa maana ya leo ilikuwa karibu zaidi na programu ya kuunganisha vipande. Wengi hawakuamini, kwani waliona kompyuta ni ya kufanya hesabu tu.

Baadaye kundi lake lilitengeneza FLOW-MATIC, iliyotumia maneno ya Kiingereza katika maagizo yake. Lugha hiyo iliathiri sana COBOL, iliyoanza kubuniwa mwaka 1959. Hopper huitwa mama wa COBOL, lakini iliundwa na kamati. Yeye alikuwa mshauri.

Waandishi wa programu wa leo bado hutegemea maktaba za vipande vilivyojaribiwa na kompaila. Hata mikataba erevu ya blokucheni iliyoandikwa kwa lugha ya Solidity hupitia kompaila kabla ya kuwekwa kwenye mtandao. Huko kipande kibovu kilichonakiliwa ni hatari zaidi, kwa kuwa msimbo ukishawekwa kwa kawaida haubadilishwi.

Habari ya mdudu

Inasimuliwa mara nyingi kwamba Hopper ndiye aliyebuni desturi ya kuita kosa la programu "mdudu". Ni kweli kwamba mwaka 1947 nondo alikutwa ndani ya Mark II na kubandikwa kwenye daftari la kazi, lakini si Hopper aliyemkuta, na mafundi walitumia neno hilo tangu karne ya 19.

Miaka ya mwisho

Alistaafu jeshini mwaka 1966, akarudishwa mwaka uliofuata, akaondoka kabisa mwaka 1986 akiwa na umri wa miaka 79 na cheo cha admirali wa nyuma (rear admiral). Katika mihadhara aligawa vipande vya waya vya sentimita 30 hivi, yaani umbali ambao mwanga husafiri kwa nanosekunde moja. Alizikwa katika makaburi ya taifa ya Arlington. Manowari USS Hopper ina jina lake, na mwaka 2016 alitunukiwa Nishani ya Rais ya Uhuru.