Daniel Bovet: Mtu aliyefungua njia ya kidonge cha chafya

Wafanyabiashara wanaovuka Namanga, Busia au Rusumo wanaijua Piriton, ile wanayoikimbilia duka la dawa vumbi la barabarani linapowasha macho na chafya hazikatiki. Jina la Daniel Bovet wachache wamelisikia.

Alizaliwa Neuchâtel, Uswisi, mwaka 1907. Baada ya masomo Geneva, mwaka 1929 alijiunga na Taasisi ya Pasteur jijini Paris.

Kazi yake kubwa ya kwanza iligusa mfuko wa mgonjwa. Mwaka 1935 kampuni ya Bayer ya Ujerumani ilianza kuuza Prontosil, dawa ya maambukizi ya bakteria iliyolindwa na hataza. Bovet na wenzake wakabaini kuwa kinachotibu ni sehemu yake moja tu, sulfanilamidi, kemikali iliyojulikana tangu 1908 na ambayo hataza yake ilikuwa imekwisha. Kiwanda chochote kingeweza kuitengeneza, tena kwa gharama ndogo.

Kisha akageukia histamini, kemikali ambayo mwili huimwaga unapokataa vumbi, chavua au chakula fulani. Mwaka 1937, yeye na Anne-Marie Staub walipata dawa iliyowakinga simbilisi wasiuawe na histamini. Kwa binadamu ilikuwa sumu mno. Iliyoanza kutumika kwa watu ni Antergan, mwaka 1942, kazi ya Bernard Halpern. Bovet akafuata na mepiramini mwaka 1944. Klofeniramini, iliyomo ndani ya Piriton, ilikuja mwishoni mwa muongo huo.

Dawa za kizazi hicho zina kasoro moja: huingia ubongoni na kuleta usingizi. Kwa dereva wa lori anayesafiri usiku, hilo si jambo dogo. Setirizini na loratadini, zilizokuja baadaye, husinzisha kidogo zaidi, na leo hupatikana pia kwa bei nafuu, bila jina kubwa la kampuni kwenye boksi. Koo likivimba au pumzi ikibana, hata hizo hazitoshi. Anayehitajika hapo ni daktari mwenye sindano ya adrenalini, tena haraka.

Mwaka 1938 Bovet alimwoa Filomena Nitti, binti wa waziri mkuu wa zamani wa Italia aliyekuwa uhamishoni. Walifanya utafiti pamoja, wakahamia Roma mwaka 1947. Tuzo ya Nobel ya 1957 alipewa mume peke yake. Alifariki Roma mwaka 1992, akiwa na miaka 85.