Abebe Bikila: Miguu Mitupu juu ya Mawe ya Roma

Jioni ya tarehe 10 Septemba 1960, umati ulijipanga kando ya barabara za Roma kutazama mbio ndefu za Olimpiki. Miongoni mwa wakimbiaji alikuwamo askari wa Ethiopia ambaye wachache walimfahamu, naye hakuvaa viatu. Huyo ndiye Abebe Bikila.

Alizaliwa tarehe 7 Agosti 1932 katika kijiji cha Jato, akaja kuingia katika kikosi cha walinzi wa Mfalme Haile Selassie. Mwalimu wake wa mbio alikuwa Onni Niskanen, mzaliwa wa nchi za kaskazini ya Ulaya. Kwa kuwa viatu vipya havikumkaa vema, Abebe aliamua kukimbia pekupeku, kama alivyozoea mazoezini.

Giza lilipoingia, askari walishika mienge kando ya Via Appia, njia ambayo Mtume Paulo aliifuata alipopelekwa Roma akiwa mfungwa. Juu ya mawe yale ya kale Abebe alipita kimya, mwili umenyooka, uso umetulia. Alipita pia karibu na nguzo ya Aksum, iliyochukuliwa na Waitalia walipoivamia nchi yake. Hakuja na silaha. Alikuja na nyayo zake. Alimaliza penye Tao la Konstantino kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16, akawa Mwethiopia wa kwanza kupata dhahabu ya Olimpiki. Mwaka 1964 alishinda tena mjini Tokyo, wiki chache tu baada ya kupasuliwa kidole tumbo.

Mwaka 1969 alipata ajali ya gari, asitembee tena. Hata hivyo, akiwa katika kiti cha magurudumu, alishindana kwa upinde na mishale. Alifariki tarehe 25 Oktoba 1973, akiwa na umri wa miaka 41.

Kama uzuri wake ungekuwa miguuni tu, ungekoma siku ya ajali. Haukukoma, kwa maana chemchemi yake ni roho iliyopokea mwili kama zawadi. Sisi mapadre tumezoea kuwaonya vijana juu ya mwili kuliko kuwafundisha kumshukuru Mungu kwa ajili yake. Basi, tuwaonapo watoto wa Kibondo wakikimbia pekupeku katika vumbi jekundu, pamoja na kuwatafutia viatu, tusikose kustaajabu na kumsifu Muumba wao.