Humphry Davy: Mwanakemia aliyeudhibiti moto, akalemewa na bahari

MNAMO Mei 25, 1812, gesi ililipuka katika mgodi wa makaa ya mawe wa Felling, kaskazini mashariki mwa Uingereza, na kuwaua watu 92, wakiwemo wavulana wadogo walioajiriwa humo. Wachimbaji wa enzi hizo hawakuwa na budi kushuka chini ya ardhi na mshumaa au taa yenye moto wazi, na pale moto ulipokutana na gesi ya methani, maafa yalifuata.

Aliyekuja kuombwa kutegua kitendawili hicho alikuwa Humphry Davy, mzaliwa wa mji wa Penzance, Cornwall, Desemba 17, 1778. Davy hakusoma katika chuo kikuu. Babake alifariki mwaka wa 1794, na mwaka uliofuata kijana huyo akawa mwanagenzi wa tabibu, huku akijifundisha kemia vitabuni. Hata hivyo, mwaka wa 1807, akiwa mhadhiri katika taasisi ya Royal Institution jijini London, alitumia umeme kutenga potasiamu na sodiamu, madini ambayo hakuna aliyekuwa ameyaona yakiwa peke yake.

Mwaka wa 1815, Davy alizuru migodi, kisha akarejea katika maabara yake, akisaidiwa na kijana Michael Faraday. Aligundua kuwa mwali wa moto hauwezi kupenya matundu madogo ya wavu wa chuma. Nyaya huufyonza joto la mwali na kulisambaza, hivi kwamba gesi iliyo nje haipati joto la kutosha kuwaka. Akaizungushia taa wavu wenye matundu 784 katika kila inchi mraba. Hewa iliingia, mwanga ukatoka, lakini moto ukabaki ndani.

Davy alikataa kuchukua hataza ya uvumbuzi huo, ingawa ungemtajirisha. Lakini taa hiyo haikumaliza vilio. Mwanga wake ulikuwa hafifu, wavu uliotoboka haukuzuia chochote, na baadhi ya wenye migodi waliwapeleka vibarua katika sehemu zilizokuwa zimeachwa kwa kuwa na gesi nyingi. Milipuko ikaendelea kuua.

Davy alichaguliwa kuwa rais wa Royal Society mwaka wa 1820. Miaka mitatu baadaye, Jeshi la Wanamaji la Uingereza lilimletea tatizo jingine. Merikebu za mbao zilifunikwa mabati ya shaba upande wa chini ili kuzuia minyoo ya baharini inayotoboa mbao, lakini maji ya chumvi yaliila shaba hiyo upesi na gharama ikawa kubwa.

Kwa kuwa alijua uhusiano wa umeme na kemia, Davy alipendekeza shaba iunganishwe na vipande vya zinki au chuma. Madini hayo yangeliwa na maji badala ya shaba. Katika majaribio ya mwaka wa 1824, kipande cha zinki kisichozidi ukubwa wa punje ya njegere kilitosha kulinda shaba ya inchi mraba 40 hadi 50.

Merikebu zilipoanza kusafiri, shaba ilibaki salama kama alivyoahidi. Hapo ndipo balaa ilipozuka. Shaba inayoyeyuka polepole ndiyo iliyokuwa sumu kwa viumbe wa baharini. Ilipoacha kuyeyuka, magugu na viumbe wenye magamba walijishikiza kwa wingi na kuzipunguzia merikebu kasi. Mwaka wa 1825 wakuu wa jeshi waliagiza vipande hivyo viondolewe kwenye merikebu za safari. Davy akadhihakiwa hadharani, ilhali hesabu yake haikuwa na kosa.

Afya yake ilidhoofika kutokana na kiharusi, akajiuzulu urais mwaka wa 1827. Alifariki jijini Geneva, Uswisi, Mei 29, 1829 akiwa na umri wa miaka 50.

Merikebu za mbao zilipochukuliwa nafasi na meli za chuma, mbinu aliyochekewa ilipata kazi yake. Hadi leo, vipande vya zinki hufungwa kwenye meli ili viliwe na bahari kwa niaba ya chuma, na mabomba ya mafuta yaliyofukiwa ardhini hukingwa dhidi ya kutu kwa kanuni iyo hiyo.