Amy Johnson

Amy Johnson (1 Julai 1903 – 5 Januari 1941) alikuwa rubani kutoka Uingereza. Anajulikana hasa kama mwanamke wa kwanza kuruka peke yake kutoka Uingereza hadi Australia.

Maisha ya awali

Alizaliwa mjini Hull, binti wa mfanyabiashara wa samaki. Alisoma uchumi katika Chuo Kikuu cha Sheffield, kisha akawa karani katika ofisi ya wanasheria mjini London. Mwaka 1929 alipata leseni ya urubani na pia leseni ya ufundi wa ndege.

Safari ya Australia

Baba yake na tajiri wa mafuta Lord Wakefield walimsaidia kununua ndege iliyokwisha kutumika, aina ya Gipsy Moth. Aliiita Jason, kwa alama ya biashara ya samaki ya familia yake. Ilikuwa ndege ya injini moja, wazi juu na bila redio, na kasi yake ya kawaida haikupita sana kilomita 140 kwa saa. Kutoka London hadi Darwin ni takriban kilomita 18,000 kwa njia aliyopita. Hata bila hitilafu yoyote, umbali huo ulihitaji zaidi ya saa 120 hewani. Kabla ya hapo safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa ya London hadi Hull.

Aliondoka Croydon, kusini mwa London, tarehe 5 Mei 1930. Karibu na Baghdad dhoruba ya mchanga ilimlazimisha kutua jangwani. Hata hivyo alifika Karachi siku ya sita, akiwa mbele ya Bert Hinkler wa Australia, aliyefika Darwin kwa siku 15 na nusu mwaka 1928.

Rekodi hiyo ilimponyoka nchini Burma. Akitafuta Rangoon katika mvua kubwa, alitua kwenye uwanja wa michezo wa shule ya ufundi huko Insein, na ndege ikaingia mtaroni. Propela ilivunjika na bawa likaharibika. Matengenezo yalichukua siku kadhaa. Alivuka Bahari ya Timor na kutua Darwin tarehe 24 Mei, baada ya siku 19 na nusu. Hakumshinda Hinkler, lakini umati ulimpokea kana kwamba amemshinda.

Miaka ya baadaye

Mwaka 1932 aliolewa na rubani Jim Mollison. Novemba mwaka huo aliruka peke yake kutoka Uingereza hadi Cape Town kwa siku 4 na karibu saa 7, akivunja rekodi ya mumewe kwa zaidi ya saa 10. Waliachana mwaka 1938.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa akihamisha ndege za jeshi kutoka kituo kimoja hadi kingine. Tarehe 5 Januari 1941 aliruka kwa mwavuli juu ya mlango wa mto Thames, katika baridi kali. Afisa wa meli, Walter Fletcher, alijitosa majini kumwokoa, naye akafa. Mwili wa Johnson haukupatikana. Ndege yake Jason imehifadhiwa katika Makumbusho ya Sayansi, London.