Tshibumba Kanda Matulu, muchoraji wa ukumbusho



Kila mwisho wa mwaka chama chetu kinasoma majina ya marehemu wetu. Mara ya mwisho mama mumoja alisimama na kuomba tuongeze jina la mutu asiyekuwa mwanachama hata siku moja: Tshibumba Kanda Matulu, muchoraji. Wengine walikubali palepale. Wengine walikataa, ju hakuna aliyeona maiti yake, na kwetu jina halisomwi kama watu hawajakaa matanga. Tulibishana mpaka giza likaingia. Njo tukapatana hivi: kwanza tueleze maisha yake mu gazeti letu, ili hata watoto waliozaliwa Kasai wamujue, kisha mukutano uamue.

Tshibumba alizaliwa mwaka 1947 mu Elisabethville, muji unaoitwa leo Lubumbashi. Watu wake walikuwa Waluba wa Kasai, sawa na wengi wetu. Wazee wetu waliletwa huku kwa ajili ya kazi ya Union Minière na ya njia ya treni, wakazaa watoto mu makambi ya kazi, na watoto wale wakaijua Kasai kwa masimulizi tu. Muji wetu wa Likasi wakati ule ulikuwa unaitwa Jadotville. Swahili ndiyo ilikuwa luga ya kiwanda, ya soko na ya mutaa. Ndani yake njo mutoto Tshibumba alikomaa.

Alikuwa kijana mudogo wakati inchi ilipata uhuru, tarehe 30 mwezi wa sita 1960. Siku kumi na moja nyuma yake, Katanga ikajitenga. Mwaka 1961 Waluba maelfu kwa maelfu walikimbia nyumba zao mu Elisabethville, wakajenga vibanda vya magunia na mabati chini ya ulinzi wa askari wa Umoja wa Mataifa. Wengi walipakiwa mu treni kwenda Kasai. Wazee wa chama chetu wanaokumbuka siku zile hawapendi kuzisema sana. Tshibumba yeye alizichora.

Kazi ya kuchora aliianza wakati wachoraji wa namna yake walikuwa wengi mu Lubumbashi, Likasi na Kolwezi. Hawakufungua duka. Walichukua gunia la unga, wakalifua, wakalikaza kwenye mbao, wakalipaka rangi nyeupe ya chini, kisha wakachora. Tablo ilipokauka, muchoraji aliibeba chini ya kwapa na kutembea nayo nyumba kwa nyumba. Siku za mushahara zilikuwa siku zao. Muko humu mu Kikula wanaokumbuka namna baba alivyotoka kazini, akakuta kijana na tablo tatu ku mulango, wakaanza kupatana bei. Bei ilikuwa ya mufanyakazi, si ya muzungu. Kesho yake salo ilikuwa na kitu kipya ku ukuta, karibu na picha ya ndoa.

Tablo hizo watu walizigawanya wenyewe: kuna mambo ya ba nkambo, kuna mambo ya zamani, kuna mambo ya sasa. Mambo ya ba nkambo njo yalikuwa kijiji. Nyumba za nyasi, mutende umoja au miwili, muto, muvuvi ndani ya mutumbwi, mama anatwanga, moshi unapanda, na jua jekundu linazama nyuma ya mulima. Tshibumba naye alitembeza vijiji vya namna hiyo, ju vilinunuliwa. Mutu anayekaa mu nyumba ya kampuni, ambaye nyumba ile itachukuliwa siku atakapoacha kazi, anapenda kuwa na kijiji ku ukuta.

Tuseme ukweli hapa. Kijiji kile hakikuwa cha mutu fulani. Hakikuwa na jina. Mwaka 1992, wakati sisi wenyewe tulilala ku gare ya Likasi tukingoja treni, watoto wetu waliuliza kama tunakwenda kwenye kijiji kile cha ku ukuta. Tuliwajibu ndiyo. Wakafika Kasai wakakuta inchi ya watu wanaohangaika, mashamba yasiyokuwa yao, na jamaa waliotushangaa kwa sababu ya Swahili yetu. Tablo haikutudanganya. Sisi njo tuliisoma vibaya. Kijiji kilichorwa kwa kuonyesha kitu tulichoacha; hakikuwa ahadi kwamba kitatungojea.

Tshibumba, kwa upande wake, hakutosheka na kijiji. Tablo iliyouzwa sana mu miaka ya 1970 iliitwa Colonie belge: mufungwa amelazwa chini, askari mweusi anamupiga fimbo, muzungu anasimama kuangalia, ba mama wanaleta chakula cha wafungwa, na bendera ya Ubelgiji iko juu. Wachoraji wengi waliichora, kila mumoja kwa mukono wake. Tshibumba aliichora, halafu akauliza: kabla ya fimbo hii kulikuwa nini, na nyuma yake kulikuja nini? Akaanza kujiita si muchoraji tu, bali mwandishi wa historia anayeandika kwa rangi.

Mu miaka ya 1973 na 1974 alikutana na mwalimu mumoja Mudachi, Johannes Fabian, aliyefundisha kwenye chuo kikuu cha Lubumbashi. Muchoraji alimueleza kwamba anaweza kuchora historia yote ya inchi kama atapata munua­ji. Mwalimu akakubali. Tshibumba akawa anamuletea tablo kidogo kidogo, mafungu kwa mafungu, na kila mara walikaa pamoja, mashine ya kurekodi imewashwa, akaeleza picha moja moja. Alieleza kwa Swahili yetu ya Katanga, ile inayochekwa na watu wa Dar es Salaam, pamoja na Kifaransa kidogo. Ilipoisha, tablo zilikuwa 101.

Zinaanzia kijijini, mu wakati wa ba nkambo. Kisha anakuja Mureno Diogo Cão ku mudomo wa muto Kongo. Wanakuja Waarabu na biashara ya watumwa. Yuko Musiri wa Bunkeya, aliyeuawa mwaka 1891. Yuko Simon Kimbangu aliyekamatwa mwaka 1921. Uko mugomo wa wafanyakazi wa Union Minière, mwezi wa kumi na mbili 1941, pale askari walipopiga watu risasi mu Elisabethville. Uko uhuru, kiko kijitenga cha Katanga, na viko vile vibanda vya Waluba tulivyovitaja juu. Mu tablo za mwisho alichora hata wakati uliokuwa haujafika.

Mutu anayerudi mara nyingi ni Patrice Lumumba. Sisi wa Likasi tuna sababu yetu ya kumukumbuka: mwezi wa kwanza 1960, mbele ya kupelekwa Bruxelles kwenye mazungumuzo ya uhuru, Lumumba alifungwa hapa kwetu mu gereza la Buluo. Mwaka moja nyuma yake, tarehe 17 mwezi wa kwanza 1961, aliuawa mu inchi hii hii ya Katanga, yeye na wenzake wawili, Mpolo na Okito. Tshibumba alichora kifo kile sawa Wakristo wanavyochora Golgota. Fikirini ujasiri wake. Aliuza picha ya mutu aliyeuawa Katanga, ndani ya nyumba za Katanga, mu utawala wa Mobutu, wakati mengi yalisemwa kwa sauti ya chini.

Wako wenye elimu wanaosema kwamba tarehe zake nyingine hazipatani na vitabu. Ni kweli. Lakini yeye hakutaka kurudilia kitabu. Tablo yake ilikuwa ukumbusho, na ukumbusho kwa watu wa hapa ni kitu kinachokuamsha uwaze na useme. Baba alionyesha ukuta kwa kidole, wageni wakaanza kusimulia, watoto wakasikia. Masomo mengine ya historia wengi wetu hatukuyapata.

Tangu mwanzo wa miaka ya 1980 hakuna tena habari yake. Rafiki zake walimutafuta, Fabian naye alimutafuta, bila jibu. Alikuwa na miaka kama 34 hivi. Kaburi hakuna. Kitabu cha Fabian juu ya tablo zile kilitoka mwaka 1996. Tablo zenyewe ziko mu makumbusho ya Amsterdam yaliyoitwa Tropenmuseum mpaka mwaka 2023. Mwaka 1999 picha zake za Lumumba zilionyeshwa New York.

Basi, zile 101 zimepona ju zilivuka bahari. Zetu sisi zilibaki ku ukuta. Siku ya kuondoka mutu alichukua sufuria, mablanketi na watoto. Tablo nani angeibeba? Waliorudi nyuma ya miaka walikuta misumari tu.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili. La kwanza ni kwa wanachama: mukiwa na tablo ya zamani, hata iliyopasuka, hata isiyokuwa na jina la muchoraji, musiitupe na musiifanye kifuniko cha dirisha. Muilete mu mukutano ujao, na muje na muzee anayeweza kuieleza. Vijana wetu watarekodi kwa telefone. Asiyekuwa na tablo alete masimulizi yake: ilikuwa ku ukuta gani, ilionyesha nini, baba alisema nini juu yake. Ninyi marafiki wa mbali, mukiwa na tablo iliyonunuliwa Likasi zamani zile, mutupigie picha yake tu. Hatuidai.

La pili ni lile la mama yetu. Sisi wa komite tumeandika haya, na tunasema wazi mawazo yetu: jina la Tshibumba lisomwe. Chama hiki kimekwisha kukaa matanga ya watu waliokufia njiani mu treni, ambao kaburi zao hatukuziona tena. Hatukuwanyima jina. Tusimunyime huyu pia, aliyechora wazee wetu ndani ya vibanda vyao wakati hakuna mwingine aliyetaka kuwaangalia.

Mukutano utaamua. Mubaki na amani.