Emil Zátopek: Jagina aliyechumia thelujini

Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Emil Zátopek, mwanariadha wa Chekoslovakia aliyetawala mbio za masafa marefu baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, alichumia mahali ambapo wapinzani wake wengi hawakuthubutu kukanyaga: msituni, gizani, katikati ya majira ya baridi, theluji ikiwa imefunika njia. Medali alizovishwa wakati wa kiangazi mbele ya maelfu ya watazamaji zilikuwa malipo ya kazi aliyoifanya miezi mingi awali, pasipo shahidi yeyote.

Zátopek alizaliwa Septemba 19, 1922 katika mji wa Kopřivnice, eneo la Moravia, katika familia yenye watoto wengi na kipato kidogo. Baba yake alikuwa seremala. Alipofikisha umri wa miaka 16 alihamia mji wa Zlín na kuajiriwa katika kiwanda cha viatu cha Bata, kampuni ambayo jina lake halihitaji kuelezwa kwa Wakenya kutokana na kiwanda chake cha Limuru.

Riadha haikuwa ndoto yake. Mnamo 1941, nchi yake ikiwa chini ya utawala wa Wanazi, wasimamizi wa kiwanda walimwamuru ashiriki mbio zilizodhaminiwa na kampuni. Alijaribu kukwepa kwa kisingizio kwamba mwili wake ulikuwa dhaifu, lakini daktari alimpima na kumpata mzima. Aliingia mashindanoni shingo upande, akamaliza wa pili. Kuanzia siku hiyo mchezo ulimteka. Kufikia 1944 alikuwa akishikilia rekodi za taifa lake katika mbio za mita 2,000, 3,000 na 5,000.

Vita vilipokwisha mnamo 1945, alijiunga na jeshi, na huko ndiko alikobuni mtindo wa mazoezi uliomtofautisha na wenzake. Katika enzi hizo, ilikuwa desturi kwa wanariadha wengi wa Ulaya kupunguza mazoezi kila baridi ilipoingia, wakisubiri viwanja vikauke. Zátopek hakusubiri. Jioni, baada ya zamu ya kazi, alivaa buti nzito za kijeshi, akachukua kurunzi na kuingia msituni kukimbia kwenye theluji.

Buti hizo hazikuwa mbwembwe. Zilimkinga dhidi ya kuteguka kifundo kwenye njia zenye mizizi na barafu. Aidha, kila hatua katika theluji ilimlazimu kuinua goti juu na kusukuma mwili kwa nguvu zaidi. Majira ya kuchipua yalipofika na kuvaa tena viatu vyepesi vya mbio, miguu iliyozoea uzito huo ilijihisi kana kwamba imefunguliwa minyororo.

Namna alivyokimbia nayo ilikuwa ngeni kwa wengi. Badala ya kwenda mwendo mmoja kwa saa nzima, aliigawa safari katika vipande vya mita 200 na 400. Alikimbia kipande kimoja kwa kasi, akafuatisha kingine kwa mwendo wa kujivuta ili moyo upoe kidogo, kisha akaanza upya kabla ya kupumzika kikamilifu. Msituni hakukuwa na saa wala alama za vipimo, hivyo alipima umbali kwa kukisia. Mwanzoni alirudia mita 400 mara 20 kwa siku. Idadi hiyo ilipanda mwaka baada ya mwaka, hadi mnamo 1954 ikafika mara 100, yaani kilomita 40 za kasi kwa siku moja.

Mtindo huo ulizua masimulizi mengi. Husimuliwa kwamba siku moja alitia nguo chafu na maji katika beseni la kuogea, akakimbia juu yake hadi nguo zikatakata, hivyo akafua na kufanya mazoezi kwa pamoja. Husimuliwa pia kwamba mnamo 1946 alipanda baiskeli kutoka Prague hadi Berlin, safari ya zaidi ya kilomita 300, ili ashiriki mashindano ya majeshi ya mataifa yaliyoshinda vita. Iwe alifika kwa njia gani, watazamaji waliangua kicheko walipomwona akiingia uwanjani peke yake nyuma ya bango la nchi yake. Kicheko kilikoma alipoanza kuwazunguka wapinzani wake na kuwaacha nyuma.

Katika Michezo ya Olimpiki ya London ya 1948, alitwaa dhahabu ya mita 10,000. Siku tatu baadaye, katika fainali ya mita 5,000 iliyokimbiwa kwenye mvua, alijikuta ameachwa mbali na Gaston Reiff wa Ubelgiji. Alifyatuka katika mzunguko wa mwisho na kuchelewa kwa sekunde 0.2 pekee, akaridhika na fedha. Mwaka huo huo alifunga ndoa na Dana Ingrová, mrusha mkuki aliyezaliwa siku moja naye, mwezi mmoja na mwaka mmoja.

Mtu aliyemtazama akikimbia angedhani yu karibu kuzirai. Kichwa kiliyumba, uso ulikunjamana, ulimi ukachomoza na mabega yakapanda. Wajuzi wa riadha waliikosoa sana staili hiyo. Hata hivyo, chini ya kiuno miguu yake ilifanya kazi bila kukosea, na mnamo Septemba 1951 alikuwa binadamu wa kwanza kukimbia zaidi ya kilomita 20 kwa saa moja.

Kilele cha maisha yake uwanjani kilikuwa Helsinki, nchini Ufini, mnamo 1952. Nusura asifike. Serikali ilikuwa imemwondoa kikosini mkimbiaji Stanislav Jungwirth kwa sababu baba yake alikuwa mfungwa wa kisiasa. Zátopek, aliyekuwa afisa wa jeshi na fahari ya utawala huo, alikataa kusafiri bila mwenzake. Wakuu walisalimu amri, na Jungwirth akaenda.

Julai 20 alishinda mita 10,000. Julai 24 alishinda mita 5,000, akitoka nafasi ya nne kwenye kona ya mwisho na kumpita pia Alain Mimoun, mzaliwa wa Algeria aliyeiwakilisha Ufaransa. Alasiri hiyo hiyo, Dana alinyakua dhahabu ya mkuki. Siku tatu baadaye Zátopek aliingia katika marathoni, mbio ambazo hakuwa amewahi kuzikimbia maishani mwake. Alimfuata Jim Peters wa Uingereza, aliyeshikilia muda bora zaidi duniani, hadi Mwingereza huyo alipoishiwa na nguvu na kujiondoa. Zátopek alifika uwanjani kwa saa 2, dakika 23 na sekunde 3.2, zaidi ya dakika mbili mbele ya aliyemfuata. Hakuna mwanariadha mwingine aliyewahi kushinda mbio hizo tatu katika Olimpiki moja.

Miaka minne baadaye alielekea Melbourne, majuma machache tu baada ya kufanyiwa upasuaji wa ngiri. Olimpiki hizo za 1956 ndizo za kwanza kwa Kenya kushiriki, na Nyandika Maiyoro alimaliza wa saba katika mita 5,000. Zátopek alikuwa wa sita katika marathoni. Mimoun, aliyekuwa ameambulia fedha mara tatu nyuma yake, ndiye aliyeshinda safari hii. Badala ya kwenda kushangilia, alisimama karibu na utepe akimngoja rafiki yake. Zátopek alipofika alimpigia saluti, kisha wakakumbatiana. Alistaafu baada ya kuweka rekodi 18 za dunia.

Mnamo 1966 alimwalika Prague Ron Clarke wa Australia, mvunja rekodi hodari ambaye hakuwahi kupata dhahabu ya Olimpiki. Walipoagana, alimpa kifurushi kidogo. Clarke alipokifungua alikuta medali ya dhahabu ya mita 10,000 ya Helsinki. Miaka miwili baadaye, katika hewa nyepesi ya Mexico City, Clarke alimaliza wa sita na kuzirai, huku Naftali Temu akiipa Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki katika mbio hizo hizo.

Mwaka huo wa 1968 ndio uliogeuza maisha ya Zátopek. Alikuwa ametia saini waraka wa kudai mageuzi, na majeshi yaliyoongozwa na Muungano wa Kisovieti yalipoivamia Chekoslovakia mwezi Agosti, alishuka barabarani Prague kuwasihi askari wa kigeni warudi kwao. Utawala mpya haukumsamehe. Alifukuzwa chamani, akatimuliwa jeshini, na kazi aliyoweza kupata ilikuwa na vikundi vya kuchimba visima. Kwa miaka kadhaa aliishi katika vibanda vya magurudumu mashambani, mbali na mkewe kwa siku nyingi za juma. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alishinikizwa hadi akayakana hadharani maneno yake ya awali, jambo lililowasikitisha baadhi ya waliomwona kuwa shujaa.

Hapo ndipo methali ya wahenga ilipomgeuka. Kivuli alichokuwa amekichumia kiliondolewa na wenye mamlaka, naye akarudi alikoanzia: nje, kwenye matope na baridi, ndani ya buti nzito. Cheo kilitwaliwa kwa barua moja, lakini mwili na moyo uliozoea kuendelea wakati wengine wamepumzika haukuwa mali ya serikali. Alichimba kama alivyokimbia, na baadaye akaruhusiwa kurudi Prague kufanya kazi ya kutafsiri makala za michezo za kigeni.

Utawala huo ulianguka mnamo 1989, na mwaka uliofuata jeshi likamwomba radhi. Emil Zátopek alifariki Prague mnamo Novemba 2000 akiwa na umri wa miaka 78. Mkewe Dana aliishi hadi Machi 2020, akafariki akiwa na miaka 97. Medali aliyompa Clarke haikurudi Prague. Ilibaki Australia, kwa mtu aliyeona kuwa aliistahili.